Fuata jina la mpiga besi

Njia ninayoiamini kuliko zote ya kuufikia muziki nisioujua ni kusoma majina yaliyoandikwa kwa herufi ndogo kwenye jalada la albamu: nani kapiga besi, nani yuko kwenye ngoma, nani kasimamia mitambo. Programu za muziki hupendekeza kinachofanana na ulichokwisha kukisikia. Jina la mpigaji hukuvusha hadi kwenye muziki ambao usingeufikiria.

Mchukue Ron Carter, mpiga besi Mmarekani. Alianzia kwenye cello, ala kama fidla kubwa, akapiga besi katika kundi la jazz la Miles Davis miaka ya 1960, akasikika katika albamu ya kwanza ya Roberta Flack mwaka 1969, na mwaka 1991 akaibukia kwenye albamu ya pili ya A Tribe Called Quest. Amerekodi pia muziki wa mtunzi Bach. Kwa jina moja umepita kwenye jazz, soul, hip hop na muziki wa karne ya 18, na kuutambua mguso uleule wa vidole kila unapohama ni raha isiyochuja.

Kazi huanza ukishabonyeza. Muziki mgeni husikika kama hauna mpangilio kwa sababu sikio bado halijajua nini kinajirudia. Mara ya kwanza usitafute utamu, tafuta mzunguko. Katika muziki wa kale wa kaskazini mwa India, mzunguko uitwao tintal una mapigo 16: piga kofi kwenye pigo la 1, la 5 na la 13, na kwenye la 9 geuza kiganja hewani bila kupiga. Ukishauzoea utawasikia wapigaji wakiachana, kila mmoja na njia yake, kisha wakakutana barabara kwenye pigo la kwanza. Mwili husisimka! Ila usiharakishe kuhesabu: raga, yaani utaratibu wa noti ambao muziki huo hujengwa juu yake, hufunguliwa na alap, sehemu isiyo na mapigo ya kuhesabika, ambayo huweza kwenda dakika nyingi kabla tabla, zile ngoma mbili ndogo, hazijaingia. Wengi huzima hapo. Ikikushinda, sogeza mbele hadi kwenye tabla, na siku nyingine usikilize mwanzo wake.

Rekodi za zamani zina kikwazo chao. Kabla ya mwaka 1925 wanamuziki walirekodiwa bila maikrofoni. Sauti iliingia kwenye pembe kubwa, ikatikisa sindano iliyochora mfereji. Besi ya nyuzi na ngoma kubwa hazikunaswa vizuri, na mara nyingi tuba, ala kubwa ya kupuliza yenye sauti nzito, ilishika nafasi ya besi. Kwa hiyo usiipime jazz ya wakati huo kwa uzito wa mdundo wake. Shikilia klarineti au sauti ya mwimbaji. Baada ya nyimbo tatu nne sikio huacha kuusumbukia mkwaruzo. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulibeba kama dakika 3 tu, na mengi yamebanwa humo. Sikiliza mara mbili mfululizo: kwanza umfuate mwimbaji, kisha walio nyuma yake.