Kumbukumbu ya mradi: ext4 au Btrfs (mifumo ya faili ya Linux), diski ikianza kufa

Jaribio la 1. Faili tupu la GB 2 (`truncate -s 2G jaribio.img`) limefomatiwa kwa ext4 na kujazwa picha. Kisha bloku ya kwanza (kipande cha baiti 4096) ikafutwa:

`dd if=/dev/zero of=jaribio.img bs=4096 count=1 conv=notrunc`

Ukisahau `conv=notrunc`, faili zima linakatwa na kubaki KB 4. Superbloku kuu (rekodi inayoeleza mfumo mzima wa faili) imo katika bloku hiyo ya kwanza, kwa hiyo mount (kuufungua mfumo utumike) imegoma. Nakala zake ziko bloku 32768, 98304, 163840 na kuendelea. `e2fsck -b 32768 -B 4096 jaribio.img` imerudisha picha zote. Hapo ext4 imefanya vizuri.

Jaribio la 2. Safari hii, kwa ext4 na kwa Btrfs, imejazwa sifuri bloku moja katikati ya faili la maandishi la MB 5, baada ya umount (kuufunga mfumo wa faili), maana kashe ya RAM (nakala ya muda kwenye kumbukumbu) ingeficha uharibifu. Mahali pa kuharibu panapatikana kwa kuweka neno la pekee ndani ya faili, halafu kulitafuta kwa `grep -abo`. (Usitumie `filefrag` kwa Btrfs: anwani inayotoa si ya diski yenyewe.) ext4 imesoma sifuri zile bila kulalamika hata kidogo, kwa kuwa chekisamu zake (namba za kuhakiki kwamba data haijabadilika) zinalinda metadata tu (taarifa kuhusu mafaili, si yaliyomo). Btrfs imekataa kusoma sehemu hiyo, na `dmesg` (ujumbe wa kernel) ikataja namba ya inode ya faili lenye kasoro.

Mtego: kwa faili la baiti 500, grep imeleta anwani mbili. Btrfs huhifadhi faili dogo ndani ya metadata, na metadata huandikwa mara mbili. Ukiharibu moja, inajitibu. Faili kubwa kwenye diski moja halitibiki, unaambiwa tu kwamba limeoza.

Uamuzi: kumbukumbu za muda mrefu, Btrfs RAID1 (data ileile kwenye kila diski) kwenye diski mbili, scrub (kuhakiki data yote) kila mwezi. Diski moja ya kazi za kila siku, ext4 pamoja na nakala rudufu.

Diski halisi ikianza kukwama, fsck (programu ya kukarabati mfumo wa faili) isiguswe kwanza, kwani inaandika juu ya mgonjwa. Anza kwa kunakili diski: `ddrescue -n /dev/sdX diski.img ramani.map`, kisha rudia kwa `-d -r3` na ramani ileile. Kwa Btrfs, jaribu `btrfs restore` (inayotoa mafaili nje) kwenye nakala hiyo; `btrfs check --repair` iwe ya mwisho kabisa, mara nyingi huongeza jeraha.

Limebaki jaribio la XFS (mfumo mwingine wa faili), hasa `xfs_repair -L`, inayofuta jarida la mabadiliko (journal) na kupoteza maandiko ya mwisho.