Kioo cha mbele kilipigwa jiwe: kwa nini niliziba badala ya kubadilisha

Ukitoka Chalinze kuelekea Dar, ni nadra kukosa lori la kokoto mbele yako. Mengi yanatoka machimbo ya Lugoba, yamejazwa hadi ukingoni, na turubai likiwepo basi limefunika nusu. Nilikuwa natoka Morogoro na nilikuwa nimeliachia lori la mbele nafasi ya kutosha. Jiwe lililonipata halikutoka hata kwenye mzigo, lilirushwa na tairi la basi lililokuwa linatupita. Nikasikia paa! na pale kwenye kioo cha mbele, upande wa abiria, pakawa na tundu dogo lenye miguu mitatu myembamba kama unywele.

Niliegesha mahali salama, nikapafuta kwa kitambaa kikavu, nikabandika selotepu safi upande wa nje. Sikumwaga maji na sikupaka kitu chochote. Vumbi na unyevu vikishaingia kwenye ufa, dawa ya kuzibia, ile ya majimaji ambayo fundi huisukuma ndani ya ufa ikaganda, haishiki vizuri, na alama inabaki na ukungu. Wengi hukimbilia gundi ya sekunde au rangi ya kucha, na hapo ndipo wanapomfungia fundi mlango, kwa sababu njia ya kupitishia dawa inakuwa imeshajaa kitu kingine. Safari iliyobaki nilizima AC nikafungua madirisha. Jua la Pwani linakuwa limechoma kioo kwa nje. Ukikipulizia baridi kali kwa ndani, upande mmoja unatanuka na mwingine unasinyaa, na mvutano huo wote unaishia kwenye ncha ya ufa.

Kufika nyumbani, kila mtu alikuwa na hukumu yake. Shemeji yangu, dereva wa daladala, alipaangalia akasema, "Shem, hilo si kitu. Mimi ninalo tangu mwaka jana." Wakala wa bima kwenye simu: "Dada, una bima kubwa, ya nini kuhangaika? Tuweke kioo kipya tu." Muuza spea wa Shaurimoyo alikuwa na kioo tayari dukani na fundi wa kukifunga siku hiyohiyo. Wote nawaheshimu, lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza ufa uko wapi, una ukubwa gani na umezama kiasi gani. Na kwangu mimi uamuzi wote uko kwenye maswali hayo matatu.

Nilianza na kina. Kioo cha mbele si kama vya milangoni. Vya milangoni vimechomwa kwa joto vikawa vigumu, vikipasuka vinamwagika punje punje, na havizibiki. Cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati. Wazo hilo lilianza na mkemia Mfaransa, Édouard Bénédictus, ambaye mwaka 1903 chupa yake ya maabara ilianguka ikapasuka bila kusambaratika kwa sababu ndani ilikuwa na ganda la nitrati ya selulosi, aina ya plastiki ya zamani. Mwaka 1909 akasajili uvumbuzi wake. Kwenye kona ya chini ya kioo changu kuna mhuri wa LAMISAFE, jina ambalo kampuni ya Asahi ya Japani huviwekea vioo vya namna hii. Nilipitisha ukucha kwa nje, ukanasa. Nikaingia ndani ya gari nikaupitisha palepale, ukateleza bila kukwama. Maana yake kioo cha nje pekee ndicho kilichoumia. Utando na kioo cha ndani ni vizima. Ukucha ungenasa hata kwa ndani, mjadala ungeishia hapo: ni kubadilisha.

Kisha ukubwa. Nilichukua rula ya mwanangu nikapima, miguu na yote, milimita 14. Sikuwa na kipimo cha kulinganisha hapa kwetu, nikaangalia wanavyofanya Uingereza, ambako nao usukani uko kulia kama kwetu. Kwenye ukaguzi wao wa kila mwaka wanachukua ukanda wa upana wa milimita 290 ulio mkabala na katikati ya usukani, kwenye eneo linalopitiwa na waipa. Ndani ya ukanda huo, alama ikizidi milimita 10 gari linafeli. Nje ya ukanda huo, lakini bado panapofutwa na waipa, wanavumilia hadi milimita 40. Huo ni mstari wa kufaulu na kufeli, haumaanishi kila kilicho chini yake kizibwe au kila kilicho juu yake kitupwe. Hata hivyo ulinipa picha: alama yangu ingekuwa mbele ya macho yangu ningekuwa na tatizo, lakini pale ilipokuwa, mbele ya abiria, haikukaribia hata nusu ya kiwango.

Hili la mahali ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Hata kazi nzuri ya kuziba huacha kivuli kidogo. Mchana huioni. Usiku, unapokuja kukutana na lori lililowasha taa zote, kivuli hicho kikiwa mbele ya dereva kinatawanya mwanga, na kwa sekunde chache humuoni mtu anayevuka. Kwa hiyo tundu lililo mbele ya macho ya dereva nisingekubali lizibwe, hata liwe dogo namna gani. Na ufa ulio karibu na ukingo nao nisingeuamini, maana ukingoni ndiko kioo kinakobanwa na bodi. Kila tuta na kila shimo, bodi inajikunja kidogo, na kioo kinakula sehemu ya ule mkunjo. Wangu ulikuwa mbali na ukingo, kiganja kizima na zaidi.

Bado kulikuwa na hoja ya wakala: kama bima inalipa, kwa nini usipate kipya? Nilisoma mkataba wangu. Kioo cha mbele kina kipengele chake chenye kikomo, na kuna sehemu ninayochangia mwenyewe. Bei ya kuziba niliyotajiwa ilikuwa chini ya sehemu ya kumi ya bei ya kioo na ufundi. Lakini hata kingekuwa cha bure, nisingekitaka. Kioo kilichofungwa kiwandani kimegandishwa kwa gundi maalum ya poliyurethani juu ya rangi ambayo haijawahi kuguswa na kisu. Kukitoa ni kukata gundi hiyo pembeni pote. Kisu kikiteleza kikakwangua rangi, kutu inaanzia pale, tena chini ya gundi mpya usikoweza kuiona, na masika yakifika unakuta zulia la miguuni limelowa. Kuna mafundi wanaofungia silikoni ya kawaida ya madirisha ya nyumba. Kioo kinakaa, kinapendeza, lakini hakina nguvu ile. Na kioo cha mbele kina kazi zaidi ya kuzuia upepo: gari likipinduka kinasaidia kushikilia paa, na kwenye magari mengi mfuko wa hewa wa abiria hufumuka kwa kuegemea kioo hicho. Kikichomoka, mfuko nao unakosa pa kuegemea. Anayekaa kiti hicho kwenye gari langu, mara nyingi, ni mama yangu.

Basi nikaenda kwa fundi wa kuziba, maeneo ya Gerezani, kijana mpole asiyependa maneno mengi. Kitu cha kwanza alichofanya kilinipa imani: alisogeza gari kivulini, akasubiri kioo kipoe. Dawa yenyewe hugandishwa na miale ya jua, kwa hiyo ukiifanyia kazi juani inakauka kabla haijafika kwenye ncha za ufa. Akabandua selotepu yangu, akachokonoa kwa sindano vumbi la kioo lililosagika, akasimika kifaa chenye vikombe vya mpira vinavyonata kwenye kioo, katikati kina mrija. Kwanza alivuta hewa. Kisha akasukuma dawa. Akavuta tena, akasukuma tena. Nilikuwa nimekaa kiti cha abiria, naangalia kutoka ndani, na nikauona mguu wa kwanza ukitoweka: ule mstari wa fedha ukafutika taratibu kutoka kwenye tundu kwenda nje, kadiri dawa ilivyokuwa inaingia na hewa inatoka. Wa pili ukafuata. Wa tatu ukagoma katikati. Fundi hakuharakisha, alibonyeza kioo kwa kidole gumba kutokea ndani, polepole, mpaka nao ukajaa.

Baada ya hapo akaweka tone moja juu, akafunika kwa kipande cha plastiki, akawasha taa ya miale ya urujuanimno, ile ya kwenye jua inayogandisha dawa, akakwangua kilichozidi kwa wembe alioulaza, akang'arisha. Kimebaki kidoa ambacho lazima uonyeshwe ili ukione. Nikapitisha ukucha: umeteleza. Tangu hapo nimepita Morogoro na kurudi, mvua na jua, na miguu ile haijasogea.

Dada yangu alipoona, alileta Noah yake akitaka kazi hiyohiyo. Yake nilimwambia ibadilishwe, na fundi naye akasema hivyohivyo kabla sijamaliza sentensi. Ufa wake ulianzia kwenye tundu la zamani, ukapita mbele ya dereva, ukafika ukingoni. Hapo hakuna cha kuziba. Tulichosimamia ni ufungaji: tuliuliza gundi gani, tukaliona kopo lake na tarehe yake, tukaomba sehemu zilizokwanguliwa zipakwe dawa ya kutu kabla ya gundi, na kabla ya kukubali kioo tukakitazama kwa mshazari, nguzo ya umeme ikiwa nyuma yake, kuona kama inapinda. Cha kwanza walichotuletea kiliipindisha nguzo, tukakikataa. Gari likalala palepale gereji ili gundi ishike, na tulipolichukua fundi alituagiza tuache dirisha moja wazi kidogo siku hiyo, kwa sababu ukibamiza mlango vioo vyote vikiwa vimefungwa, hewa ya ndani inakisukuma kioo nje kabla gundi haijakaza.