Joto la Natron sio joto la Tanga: tulivyojiandaa na klabu yetu ya joging

Jamani naandika hii kwa sababu kila nikisema tumetoka Tanga tukaenda kutembea kwa miguu Natron, watu wananiambia "aah nyie watu wa pwani joto mmelizoea, hamkuwa na shida". Hilo neno limeniudhi tangu tunapanga safari mpaka leo. Watu wazima kabisa, na wengine wameshafika huko, ndio walikuwa wanatushauri hivo hivo, mmezoea joto, bebeni chupa moja moja na biskuti mtatoboa. Tungewasikiliza tungerudi na mgonjwa mahututi, na hapo siongezi chumvi.

Kwa asiyepajua, Ziwa Natron lipo kaskazini kule mpakani na Kenya, unapita Mto wa Mbu, unapita Engaruka, barabara ya vumbi na mawe mpaka kijiji cha Engare Sero, mlima Ol Doinyo Lengai umesimama pale juu unakuangalia, mita 2,962, na ni volkano hai bado. Sio jangwa la mchanga kama lile la kwenye picha ila ni nusu jangwa haswa, miti ya kivuli ya kuhesabu, mchana joto linapita nyuzi 40 mara nyingi tu, na ziwa lenyewe ni magadi. Magadi yale yale tunayowekea makande, sasa fikiria ziwa zima. Maji yapo mbele yako mpaka macho yanaishia na huwezi kunywa hata kikombe, na yakiingia kwenye kidonda utajua.

Tofauti ya joto la kwetu na la kule nilikuja kuielewa vizuri kwa nesi mmoja jirani yangu pale Chumbageni. Akaniambia, hapa Tanga hewa imeshiba maji, ndio maana jinzi ukiianika msimu wa mvua inakesha kwenye kamba. Jasho hivo hivo, linakaa mwilini, linatiririka, unaliona, unajua natoka jasho ngoja ninywe. Kule hewa kavu, jasho likitoka linanyonywa hapo hapo, ngozi kavu, shati kavu, unajiona mzima wakati maji yanakuisha mwilini. Kwa hiyo mtu wa pwani ndio yupo hatarini zaidi kwa sababu alama aliyoizoea maisha yake yote, yani shati kulowa, kule haipo. Nikaibeba hoja hiyo mpaka kwenye kikao cha klabu, nikawaambia mimi siendi mpaka kila mtu ajue mwili wake unatumia maji kiasi gani kwa saa.

Sasa mtajuaje? Hapa ndio nasikia raha kuhadithia. Mnawajua wale vijana wanaokaa na mizani barabarani, unapanda unapima uzito unampa hela ya sambusa? Nilimfuata mmoja kule Ngamiani nikamwambia mdogo wangu, Jumapili asubuhi wewe na mizani yako ni wangu. Tukakubaliana kama elfu kumi hivi na chai na mahamri juu. Akaja mapema kuliko sisi. Kila mtu akaenda haja ndogo kwanza, akavua raba, akapanda na nguo nyepesi, namba ikaandikwa kwenye daftari. Na chupa zetu tukazipima, nani kabeba lita ngapi. Alafu tukaondoka saa mbili asubuhi kwa miguu mpaka Mapango ya Amboni, ni kama kilomita 8 kutoka mjini, tukageuza, tukarudi jua likiwa kali la kweli. Kufika, futa jasho, vua raba, panda mizani tena.

Hesabu ni rahisi, kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya maji iliyotoka, unajumlisha na uliyokunywa njiani. Mzee wetu mmoja mstaafu, tunamwita Kepteni, ana kilo tisini na kitu, yeye tangu asubuhi anasema hana kiu, yeye mwanaume wa kazi ngumu. Amekunywa lita moja tu njia nzima na mizani ikasema amepungua kilo mbili. Yani zimemtoka lita tatu na bado anasema hana kiu! Yule kijana wa mizani akamwambia "shikamoo mzee, panda tena pengine nimekosea", akapanda, namba ile ile. Kepteni alinyamaza, na kuanzia siku hiyo hakumbishia mtu kuhusu maji, yeye ndio akawa anawafuatilia wengine.

Lakini uzuri wa mizani ni kwamba inasema pande zote mbili. Kuna dada mwembamba, aliambiwa na watu kunywa maji mpaka uchoke, akanywa kweli, na yeye akarudi AMEONGEZEKA. Nesi alipoona daftari alisema hii nayo ni hatari, maji matupu mengi kuliko jasho yanazimua chumvi ya kwenye damu, mtu anaumwa kichwa, anatapika, anachanganyikiwa, na wenzie wakidhani ni kiu wanamnywesha zaidi. Kwa hiyo kila mtu akapewa kiwango chake. Wengi ilikuja nusu lita mpaka karibu lita kwa saa, Kepteni ya kwake ilikuwa juu kidogo, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuka lita moja na nusu kwa saa. Kule ni kukavu zaidi kwa hiyo gari tukaijazia madumu ya akiba ya kutosha, heri turudi nayo.

Kingine ni kanga. Kuna mama alishauri tuvae kanga mbichi shingoni, tukaijaribu siku ile ile ya Amboni, jamani ilikuwa adhabu. Imelowa, nzito, imepata joto kama kitambaa cha kukandia, inawasha shingo, watu wakaitupa kwenye mabegi kabla hatujafika Kiomoni na yule mama akazomewa. Mimi nikasema subirini, hapa haiwezi kufanya kazi kwa sababu haikauki. Nikang'ang'ania kila mtu abebe yake. Kufika Natron nikalowesha yangu kwa maji ya mto wa Engare Sero nikaifunga, ubaridi ulionipata mpaka nikasisimka, na baada ya muda mfupi tu ilikuwa imekauka karakara kama imepigwa pasi. Waliomzomea yule mama wote wakaja kulowesha. Kwa hiyo ukifanya majaribio pwani ujue kuna vitu vitakudanganya.

Mavazi mengine, mikono mirefu ya pamba rangi nyeupe, kofia pana za ukili tulinunua sokoni kwa bei ya kawaida, na hizi ni nzuri kuliko kapelo kwa sababu zinafunika masikio na shingo. Raba ziwe umeshazivaa wiki kadhaa. Yeboyebo acha nyumbani, ufukweni mwa lile ziwa kuna sehemu juu pamekauka kama chapati na chini ni tope la magadi, ndio maana hatukumpita kiongozi wetu wa Kimasai hata hatua moja. Chakula tende, korosho, karanga za chumvi, machungwa ya Muheza.

Afya tuliuliza mapema na bila aibu. Wenye presha waende kwa daktari wao kwanza kwa sababu kuna dawa za presha zinakojoza, ukichanganya na jua lile ni balaa. Na mwenye selimundu (sikoseli) tulimwambia kwa upendo kabisa asije matembezi, upungufu wa maji unaweza kumuamshia maumivu yale makali na hospitali iko mbali, akabaki Mto wa Mbu na gari la pili akawa ndio mtu wetu wa mawasiliano. Yeye ndio alijua tunatoka saa ngapi, tunapita wapi, na tusiposikika mpaka saa ngapi apige simu kwa nani. Mtandao kule unakatika, mpange hili kabla.

Siku yenyewe tulitoka saa kumi na moja alfajiri, wawili wawili, kila mtu na mwenzake wa kumwangalia usoni, kiongozi mbele na Kepteni mshika mkia, hakuna wa nyuma yake. Filimbi ikilia kila baada ya dakika ishirini wote wanakunywa, hakuna cha sina kiu. Na saa nne asubuhi popote tulipo tunageuza, hata kama flamingo wamebaki hatua mia mbele.

Kabla hata ya saa nne wifi yangu akaanza kunyamaza, yeye ambaye mdomo haulali. Mara akamfokea mwenzake bila sababu, mara akajikwaa pasipo na jiwe. Mwenzake hakubishana nae, akapiga filimbi. Tukachukua kanga mbili tukazitandaza kwenye fimbo za wenyeji ikawa kivuli, tukamlaza miguu juu kidogo, kanga mbichi shingoni, kwapani, na watu wakapokezana kumpepea. Kichwa kinamuuma na kichefuchefu, ila anajibu vizuri maswali, jina lake anajua, tuko wapi anajua, ndio tukampa ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, kidogo kidogo. Tulikuwa na pakiti, lakini hata zikiisha ni maji safi lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi. Angekuwa anaweweseka au mwili unachemka tusingempa kitu mdomoni, ingekuwa kumwagia maji mwili mzima, kupepea, na gari mbio hospitali. Kama nusu saa hivi akaanza kuongea, nikajua amerudi. Hatukuendelea. Kuna mmoja akasema basi wazima tumalizie kidogo, Kepteni akamwambia kijana, tumekuja pamoja. Tukaita gari.

Jioni tulipokaa kivulini nikawaambia wote waangalie mkojo wao, ukiwa rangi ya chai ya rangi endelea kunywa, ukiwa kama maji ya ndimu uko sawa. Kesho yake alfajiri wifi alikuwa wa kwanza kuamka, tukaenda wote kuona zile nyayo za watu wa kale zilizoganda kwenye majivu ya volkano, zipo zaidi ya 400, ni matembezi mafupi na alitembea mwenyewe.

Gharama sikumbuki vizuri, gari ndio lilikula hela nyingi, na njiani kuna mageti ya kulipia kwa hiyo bebeni keshi. Sisi tulienda kipupwe. Mnaotaka kwenda kaskazi, mimi kwa wenye umri wetu nasema hapana, subirini mwezi wa sita au wa saba. Na hilo la mizani lifanyeni kama mwezi kabla, ili mwenye kiwango kikubwa apate muda wa kuzoea kubeba mzigo wa maji yake mgongoni, lita nne ni kilo nne na unazihisi kila hatua.