Daftari langu la furaha kwa Kikorea: nilipofika

Mradi wangu wa mwaka huu ni kukusanya namna ambazo Wakorea huonyesha furaha, kuziandika kwa Hangul, alfabeti ya Kikorea, na kuzitamka kwa sauti mpaka ulimi uzizoee. Naupenda mno, na sasa umefika mahali pazuri pa kusimulia.

Kupanga maneno

Nilianza na matatu. Gippeuda (기쁘다) ni furaha yenye sababu yake: umefaulu mtihani, umepata kazi, mgonjwa wenu amepona. Jeulgeopda (즐겁다) ni raha ya jambo lenyewe unapolifanya, kama safari au mazungumzo na marafiki. Ndiyo maana wiki ikiisha watu hutakiana "jeulgeoun jumal bonaeseyo", wikendi yenye raha. Haengbokhada (행복하다) ni pana kuliko yote mawili, ni mtu kuridhika na maisha yake. Silabi "bok" iliyomo humo ina asili ya Kichina na maana yake ni baraka. Ndiyo hiyohiyo iliyo katika salamu ya mwaka mpya, "saehae bok mani badeuseyo", pokea baraka nyingi za mwaka mpya. Tangu nilipoiona, salamu hiyo ndefu imenikaa kichwani bila kuikariri.

Furaha ya kukutana na mtu ina neno lake, bangapda, na wengi mnaifahamu: "mannaseo bangapseumnida", nimefurahi kukutana nawe.

Furaha ni ya nani?

Hapa ndipo mradi uliponinogea. Kwa Kiswahili nasema "nimefurahi" na "mama amefurahi" kwa kitenzi kilekile. Mkorea hutenganisha. Furaha yangu naijua mwenyewe, hivyo nasema "gippeoyo" (기뻐요). Ya mama iko moyoni mwake; mimi naona uso wake tu na kusikia sauti yake. Kwa hiyo nasema "eomeonikkeseo gippeohasyeosseoyo" (어머니께서 기뻐하셨어요). Gippeuda imegeuka gippeohada, yaani hisia imekuwa jambo ambalo mtu wa nje anaweza kulishuhudia, na ndani ya kitenzi imeingia pia alama ya heshima kwa mama. Nikiwa nakisia tu, ipo "gippeunga bwayo", naona kama amefurahi. Kumuuliza mtu mwenyewe "gippeoyo?" ni sawa kabisa, maana mwenye moyo ndiye atakayejibu.

Huzuni nayo hufuata njia hiyo (seulpeuda, seulpeohada), na woga pia (museopda, museowohada). Kwangu huu ni uzuri mkubwa wa Kikorea: sarufi yenyewe inakuzuia kuusemea moyo wa mwenzako.

Basi nikafungua ukurasa mpya wa furaha za watu wengine, zile zinazoonekana kwa macho. Singgeulbeonggeul (싱글벙글) ni tabasamu pana lisilofichika. Deongsildeongsil (덩실덩실) ni kucheza kwa mabega na mikono, furaha ikiwa imepanda. Na mtu aliyefurahi kupita kiasi husemwa "ibi gwie geollyeosseoyo", mdomo umetundikwa masikioni! Huu ndio ukurasa ninaoupenda kuliko yote.

Sauti zake

Kwa matamshi nimekuwa nikisikiliza pansori, sanaa ya kusimulia kwa kuimba ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2003. Kuna mwimbaji mmoja na mpiga ngoma mmoja, lakini wasikilizaji hawakai kimya. Wimbo ukiwakolea, wao na mpiga ngoma huitikia: "Eolssigu!" "Jotda!" "Jalhanda!" Miitikio hii huitwa chuimsae, na kazi yake ni ileile ya vigelegele kwenye taarabu: humpa mwimbaji nguvu ya kuendelea. Huwezi kuipachika popote, lazima uufuate mdundo. Mimi hurudia sehemu fupi mpaka "eolssigu" itoke mahali pake, na siku ikitoka vizuri nafurahi kwelikweli.

Mitaani ni rahisi zaidi. Ukipata ulichokitaka, "assa!" Timu yenu ikishinda, mikono juu na "manse!" Kwenye ujumbe wa simu kicheko huandikwa ㅋㅋㅋ.

Kinachofuata

Sasa nazoea ngazi za heshima: "gippeo" kwa rafiki wa karibu, "gippeoyo" kwa mazungumzo ya kila siku yenye adabu, "gippeumnida" kwenye hadhara. Baada ya hapo nitaingia kwenye pongezi, nikianza na "chukahaeyo" na "chukadeuryeoyo", ambayo ina unyenyekevu zaidi. Ukurasa wake nimeshauchora mistari.