Jina la Mama Katika Daftari la Mwani

Kilimo cha mwani kilipoanza Paje na Jambiani, Unguja, mwaka 1989, wanaume wengi wa kwetu waliona malipo yake madogo wakarudi kwenye uvuvi, na wanawake waliozoea kufukia makumbi pwani na kusokota kamba za usumba ndio waliobaki nacho. Mama alikuwa mmoja wao. Kila bamvua, maji yalipokupwa, alishuka kufunga mbegu kwenye kamba, na baada ya wiki sita hivi alivuna, akaanika, akapeleka kwa mnunuzi.

Siku moja, nikiwa darasa la tano, nilimsaidia kubeba polo, gunia la mwani, hadi kwenye mizani. Mama alisoma chuo cha Kurani na alikwisha kuihitimu, lakini herufi za Kirumi hakuzijua, kwa hiyo aliniambia nimsomee daftari la karani. Kilo zilikuwa sahihi. Jina lililoandikwa lilikuwa la baba, ambaye hakuwahi kupigilia kijiti hata kimoja katika shamba lile.

“Mwanangu, mwani huu amelima nani?” mama aliuliza.

Karani alijibu kwa adabu kwamba mume ndiye mwenye nyumba, na ndivyo alivyoelekezwa kuandika. Mama hakupandisha sauti. Alisema kuwa kumlisha na kumvisha ni wajibu wa mume, lakini anachokichuma mke ni chake, kama mahari yalivyo yake, na kwamba polo halitaondoka kwenye mizani mpaka jina libadilishwe. Karani akalikata jina la baba. Wanawake waliokuwa nyuma yetu wakaniita niwasomee na wao. Wengi walidai majina yao, na mmoja akataka la mumewe libaki, kwa kuwa walikuwa wakivuna pamoja. Naamini alikuwa na haki ya kuamua hivyo.

Baba hakukasirika. Ila nilipomwomba fedha za madaftari ya shule, alianza kunielekeza kwa mama, na haikuwa nyumba yetu pekee iliyokuwa na jambo hilo: mwanamke akipata chake, wajibu wa mume ulimhamia kimyakimya. Mama alinunua mara ya kwanza. Mara ya pili alimwita kaka yake mkubwa, wakakaa na baba barazani mpaka Magharibi. Kesho yake baba alinipeleka dukani mwenyewe, na fedha za mwani mama akazinunulia bati za nyumba aliyokuwa akiijenga kwenye kiwanja alichorithi kwa baba yake.