Ping ilijibu, intaneti haikuwepo

Jumanne moja mwezi uliopita, saa mbili kasoro asubuhi, nikiwa kwenye matatu karibu na Muthurwa, simu ikalia. Ni mama mwenye duka la vipuri Kirinyaga Road. "Kijana wangu, kompyuta imefuta bei zote. Wateja wamejaa hapa kaunta."

Kompyuta haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye skripti (programu fupi ya amri) niliyomwandikia mimi. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi huchukua orodha ya bei kutoka seva ya bohari yake iliyoko Industrial Area. Nilipofika nikafungua faili ya bei, na mstari wa kwanza ukasomeka `<!DOCTYPE html>`, yaani mwanzo wa ukurasa wa wavuti. Chini yake kulikuwa na ujumbe wa kumwomba mteja alipie kifurushi cha mwezi. Intaneti ya duka ilikuwa imeisha usiku, na kampuni inayoileta huelekeza kila ombi la wavuti kwenye ukurasa wake wa malipo.

Hivi ndivyo nilivyokuwa nimeandika: `ping` iulize seva ya Google (8.8.8.8) kama inafikika, na ikijibu, `wget` ipakue faili ya bei:

```
if ping -c 1 -W 2 8.8.8.8 > /dev/null; then
    wget -q -O bei.csv "$ANWANI"
fi
```

Ping hutumia ICMP, njia ya ujumbe mfupi wa kupima mtandao, si njia ya kurasa za wavuti. Kizuizi cha malipo kilikuwa kinashika maombi ya wavuti tu, kwa hiyo ping ikapita na kurudi salama. Wget nayo ikaletewa ukurasa mzima bila hitilafu, ikatoa 0, yaani kazi imeenda sawa. Kibaya zaidi ni ile `-O`, inayotaja faili ya kuandikia: humwaga yaliyomo kwenye faili ya zamani kabla hata baiti moja haijafika. Hata mtandao ungekatikia njiani, bei zingepotea vilevile. Na kinyume chake hutokea pia: kuna ofisi hapa mjini zinazozuia ICMP, ping haijibu kabisa na watu wanafanya kazi zao mtandaoni kama kawaida.

Kwanza nilifikiria anwani ambayo simu za Android huuliza, `http://connectivitycheck.gstatic.com/generate_204`. Hiyo hujibu kwa namba 204, yaani sawa lakini bila maudhui yoyote, kwa hiyo ukipata 200 (ukurasa umeletwa) au 302 (umeelekezwa kwingine) unajua kuna ukurasa umejiingiza katikati. Ni njia nzuri. Lakini nikakumbuka 12 Mei 2024, mikonga ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika na intaneti ikawa ya kusuasua. Seva ninayoitaka iko Nairobi hapahapa. Kwa nini niulize habari za nje wakati ninakokwenda ni Industrial Area?

Kwa hiyo nimeweka faili ndogo kwenye seva ya bohari yenye neno moja tu, na skripti huliulizia hilo kwa `curl`, amri nyingine ya kuchukua vitu vya wavuti:

```
upo() {
    [ "$(curl -sf -m 5 "$SEVA/hai.txt")" = "BOHARI" ]
}

n=0
until upo; do
    n=$((n+1))
    [ "$n" -ge 10 ] && exit 1
    sleep 30
done
```

Majaribio kumi, kama dakika tano hivi. Muda huo una sababu: stima ikirudi baada ya kupotea, kompyuta huwaka na kuwa tayari wakati ruta bado inatafuta mtandao. Kitanzi kisicho na kikomo sikitaki, maana skripti ya leo inaweza kukutwa na ya kesho bado inangoja.

Baada ya hapo orodha ya bei hupakuliwa kwenye faili `bei.mpya`. Mstari wa kwanza ukiwa `namba,jina,bei`, ndipo `mv`, amri ya kuhamisha faili, huiweka mahali pa ile ya zamani. Usipokuwa huo, ya zamani hubaki ilivyo.

Mama aliniuliza swali moja tu: "Na mimi nitajuaje kwamba hizi ni bei za jana?" Sikuwa nimelifikiria hilo, na yeye ndiye anayeuza. Sasa juu ya skrini ya kaunta kuna tarehe ya faili, kwa herufi kubwa, na ikiwa si ya leo huwa nyekundu.