Chumba kimoja, watu watatu na cherehani

Juzi mteja kaja kuchukua gauni lake akasimama mlangoni anashangaa, eti mmehamia chumba kikubwa? Nikamwambia chumba ni kilekile, futi kumi kwa kumi, nyumba ileile hapa Mbagala, mwaka wa nne sasa. Kilichoondoka ni sofa.

Ngoja nieleze vizuri maana najua tuko wengi tunaoishi chumba kimoja na familia, na wengine kama mie humohumo ndo ofisini. Mwaka jana nilichukua tepu yangu ya kushonea, ile ya sentimita 150, nikapima kila kitu kilichokaa sakafuni. Chumba kizima ni futi 100 za mraba. Kitanda tano kwa sita, hiyo 30 tayari. Seti ya sofa, lile la watu watatu na viwili vya mtu mmoja mmoja, ilikuwa inakula 30 nyingine. Kabati la nguo 8, meza ya kioo ya katikati 8, meza ya tv 5, cherehani 5. Jumlisha, 86! Yaani tunalipa kodi ya miezi sita mbele kwa ajili ya kuwapangia fenicha, sisi wenyewe na mtoto tunabaki na futi 14, na hapohapo mlango ufunguke na mteja apate pa kusimama nimpime. Iliniuma sana.

Kuuza sofa haikuwa kazi nyepesi lakini. Sofa ni heshima, mgeni akiingia akakuta hamna anaona hawa bado hawajajipanga. Mume wangu alikataa wiki mbili nzima na namuelewa, alilinunua kwa kudunduliza. Kilichomlegeza ni ile hesabu, nilimuandikia kwenye karatasi nikaiacha mezani, akaisoma mwenyewe. Tukauza sofa na ile meza ya kioo, tukachukua mkeka mkubwa wa ukindu, mito niliyoshona mwenyewe, na viti vinne vya plastiki vya kubebana, mgeni mtu mzima akija anapewa kiti, akitoka vinapandana kwenye kona. Bibi zetu walipokea wageni mkekani na hakuna aliyeona kadharauliwa.

Baada ya hapo kitanda. Wengi wanainua kwa tofali, na sisi tulianza hivohivo, usiku mmoja tofali moja likapasuka kitanda kikainama upande mtoto kalala, kuanzia siku ile tofali sitaki. Nenda kwa seremala akuchongee stuli nne za mbao ngumu, inchi 12 kwenda juu, halafu mwambie achimbe kishimo juu yake mguu wa kitanda ukae ndani usiteleze. Hiyo ya kishimo ndo ya muhimu. Uvungu sasa umekuwa stoo, mabegi mawili ya shangazi kaja yenye mashuka na nguo za msimu, mabeseni, vitambaa vya wateja kwenye ndoo zenye mfuniko. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, kwa hiyo nimepanga, cha kila siku mbele, cha mwaka mara moja nyuma kabisa. Mbele nimezungushia kitenge, ukiingia huoni kitu.

Sasa ukuta. Hapa nilifunguka macho Unguja, nilikwenda kwenye harusi tukafikia nyumba moja ya zamani Mji Mkongwe. Vyumba vyake ni vyembamba vireefu, mwenyeji akatueleza kwamba paa limebebwa na boriti za mikoko, na boriti hazina urefu wa kufika mbali, ndo maana upana wa chumba unaishia mita tatu hivi au pungufu. Chumba chembamba kuliko changu! Lakini ukutani kuna zidaka, vile vijishimo vya kuwekea vitu, maana kuta zile za mawe na chokaa ni nene mno, inaweza kufika nusu mita. Vyombo, taa, vyote vimo ukutani na sakafu iko wazi. Wazee waliliona hili zamani sana.

Ukuta wangu ni tofali la block, huwezi kuuchimba, na mwenye nyumba misumari hataki kuisikia, plasta inamomonyoka. Nilikwenda kumuomba kwa adabu, nikamuahidi tutatumia drili na tukihama tunaziba na kupaka rangi, akakubali. Tukafunga ubao mmoja mrefu juu, usawa wa juu ya mlango, unazunguka kuta mbili. Hapo kuna masufuria makubwa, madaftari, pasi, na tv nayo ikapanda ukutani, meza yake ikatoka. Nyuma ya mlango nimening'iniza kitambaa cha jinzi chenye mifuko kumi na mbili, viatu, mkasi, nyuzi, chaja. Cherehani ni ya miguu, kichwa kinalala ndani, jioni inakuwa meza ya kulia.

Pazia la kutenganisha kitanda nilikosea mara ya kwanza, nikashona zito, ile Januari tulipikika, feni inapuliza upande mmoja tu. Weka jepesi, hata shia mbili, yale mapazia mepesi yanayoonyesha, zinatosha. Na kabati usiligandishe ukutani, acha vidole vinne hewa ipite, masika ukungu unakula nguo hivihivi unaona.

Kitu kimoja nasisitiza, nafasi ikibana usije ukaingiza jiko la mkaa ndani ukafunga mlango. Ile hewa yake ya sumu huioni wala huisikii harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Sisi tunapikia uani, mvua ikinyesha koridoni.

Mwezi wa nne mama alikuja kutoka Muheza. Mume wangu kwa heshima ya mkwewe akaenda kulala kwa rafiki yake mtaa wa pili, mama nikamtandikia godoro dogo la inchi nne pale lilipokuwa sofa, mjukuu akakataa kabisa kulala kitandani, wakalala wote chini wanapiga hadithi. Asubuhi godoro linasimama nyuma ya pazia, mie nafungua cherehani, yeye yuko mkekani ananifumulia nguo za wateja za kupunguza. Mara ya mwisho alipokuja, sofa bado lipo, alilala siku mbili akaaga, akasema shamba linamsubiri, na nilijua ni kwa sababu hakuwa na pa kunyoosha miguu. Safari hii alikaa siku kumi na mbili.